Taarabu ya Unguja na watu wa Ng'ambo

Tangu turudi, wengi mmetusimamisha sokoni na njiani mkiuliza: "Kweli mlifika Unguja? Mliona nini?" Juma hili tunatimiza ahadi yetu. Habari za vikwembe na bei zake tulikwisha kuzitoa kwenye mkutano, hatutazirudia. Hapa tutasema habari za muziki tu, maana ndio uliotushika mioyo, na ndio uliotuletea mabishano njia nzima.

Safari

Tulikuwa wanawake sita. Tulitoka Kalemie kwa boti usiku, na kulipokucha tukaiona milima ya Kigoma. Kutoka hapo ni reli mpaka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,250, kupitia Tabora, Dodoma na Morogoro. Tulikula tulichobeba, tukalala tumeegemeana, tukashuka miguu imevimba.

Mkubwa wetu katika safari ni mzaliwa wa Kasongo, kule Maniema. Tangu tulipopita Ujiji hakusema mengi. Tulipofika Tabora, wakati sisi wengine tunanunua asali dirishani, alituambia: "Njia hii tunaipita tumekaa kwenye viti. Bibi zetu waliipita kwa miguu, na kamba shingoni."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu ni kweli. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo. Wengi walivushwa bahari mpaka Unguja. Na ni kwa njia hiyohiyo Kiswahili kilikuja kwetu. Lugha tunayowabembelezea watoto wetu, lugha ya jarida hili, iliingia nchini pamoja na watu waliokuja kuchukua watu.

Sisi watano tulikuwa na haja nyepesi. Tangu utoto tulisikia taarabu katika redio za ng'ambo ya ziwa, na tulitaka kuiona inapigwa mbele ya macho yetu. Mkubwa wetu alisema wazi kwamba yeye haendi Unguja kusikiliza nyimbo. Anakwenda kuona mahali walipofikishwa.

Jumba la Sultani

Kutoka Dar es Salaam meli ya kasi inakwenda muda wa saa mbili hivi. Kitu cha kwanza tulichotaka kukiona mbele ya bahari ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Jumba hilo limeumia. Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na mnara wa saa ukaanguka nayo.

Kijana aliyetuongoza alianza hadithi ya taarabu mahali hapo, kama wanavyoianza Wazanzibari wengi. Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alipenda raha za Misri. Husimuliwa kwamba alileta wapigaji kutoka Misri wamburudishe katika jumba lake, kisha akamtuma kijana wa Unguja, Mohamed Ibrahim, aende Kairo kujifunza kupiga ganuni. Ganuni ni ala ya nyuzi nyingi, hulazwa juu ya mapaja au meza na kudonolewa kwa vidole. Aliporudi aliwafundisha wengine. Mwaka 1905 wenyeji waliokuwa na mapenzi hayo walianzisha chama chao, Ikhwani Safaa, na chama hicho kipo mpaka leo. Neno taarabu lenyewe limetoka katika Kiarabu. Maana yake ni ile hali ya moyo kutikiswa na muziki, mtu akajikuta anatingisha kichwa au anatokwa machozi.

Siku hizo nyimbo za jumbani zilikuwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa watu wa Sultani na wageni wake. Mkubwa wetu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Na wale waliopika chakula cha karamu hizo, wao waliimba nini?"

Kijana alicheka, akasema: "Bibi, swali hilo litakupeleka Ng'ambo."

Mkunazini na Shangani

Kabla ya Ng'ambo tulipita Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sultani akiwa ni Barghash huyohuyo, baada ya kubanwa sana na Waingereza. Leo pana kanisa kubwa la Kianglikana, na uani pana shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Hatutaandika mengi juu ya mahali hapo. Tulisimama. Mmoja wetu alitandika kikwembe chake ukutani, akaegemea, akalia. Mkubwa wetu hakulia. Alihesabu sanamu, moja moja, kwa kidole.

Mtaa wa Shangani tulionyeshwa nyumba ya Tippu Tip. Jina hilo hakuna mtoto wa Maniema asiyelijua. Alizaliwa Unguja, akatajirika kwetu Kasongo na Nyangwe kwa pembe na watu, akarudi kufia kwao mwaka 1905. Ni mwaka uleule wa chama cha Ikhwani Safaa. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, lakini kwetu sisi ilikuwa vigumu kuyasikia siku moja. Watu wanaishi katika nyumba ile, na siku hiyo nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa. Tukapita.

Ng'ambo

Zamani Mji Mkongwe ulikuwa umetengwa na mkono wa bahari. Upande wa bandarini palikuwa na majumba ya mawe ya Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa pili palikuwa na vibanda vya udongo na makuti vya watumwa, walioachwa huru, wavuvi na vibarua. Upande huo ndio uliitwa Ng'ambo. Maji yalikwisha kufukiwa na barabara ikapita juu yake, lakini jina la Darajani bado linakumbusha daraja lililokuwapo. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1897, wengi waliotoka mashamba ya karafuu walikuja kujenga huko. Palikuwa na Wanyamwezi, Wazigua, Wayao, Wanyasa, na Wamanyema, yaani watu wetu.

Kila kabila lilikuja na ngoma yake, maana ngoma hainyang'anywi mtu hata akifungwa kamba. Na Ng'ambo ndiko alikokuja kukaa mwanamke aliyeigeuza taarabu ikawa ya kisiwa kizima.

Alizaliwa kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa wa nasaba ya utumwa. Baba alikuwa Mnyamwezi, wa ile nchi ya Tabora ambako sisi tulinunua asali. Mama alikuwa Mzigua. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Hakwenda shule. Alifinyanga vyungu pamoja na mama yake, akavipeleka mjini kuuza, na watu wakaijua sauti yake kabla ya kumjua yeye, kwa namna alivyotembeza biashara. Mwaka 1911 hivi alihamia mjini. Mpigaji mmoja wa Ikhwani Safaa alimsikia akamfundisha, na baadaye akawa na kundi lake. Waliomsikia walimpa jina jipya, Siti, maana yake bibi mheshimiwa. Ndiye Siti binti Saad.

Wapo waliomcheka. Walisema hana sura, hana ukoo, ametoka na vyungu kichwani. Alijibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu, cha mtu ni akili na tabia yake. Aliweza kuimba kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, lakini kwake Ng'ambo aliimba kwa Kiswahili, na mambo aliyoyaimba yalikuwa ya mtaani: mume mlevi, tajiri mdhulumu, karani mwizi, hakimu asiye na haki.

Mwaka 1928 yeye na kundi lake walipanda meli mpaka Bombay, India, kurekodiwa kwenye sahani za santuri. Sauti yake ni miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuuzwa kwa njia hiyo, ikasikika pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili, aliandika kitabu kizima cha maisha yake. Kwa mwanamke aliyeanza akiitwa Mtumwa, si jambo dogo.

Kuna wimbo wake mmoja ambao wenyeji walitusimulia habari yake, uitwao Kijiti. Unahusu jambo lililotokea kweli. Mwanamume alimtendea jeuri mwanamke mgeni, akamwua, kisha akatorokea bara. Korti ikawaadhibu wanawake waliofika kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku ule. Siti akaimba kisa hicho chote, mji ukakisikia. Tuliposimuliwa hayo tulinyamaza kwa muda. Wamama, hatuna haja ya kuwaeleza kwa nini. Kati yetu wapo waliokwenda kushitaki wakarudi wao ndio wenye kosa.

Usiku wa Vuga

Jioni ya pili tulikwenda Vuga, kwenye nyumba ya Culture Musical Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1958. Walikuwa wanafanya mazoezi. Tulikaribishwa viti, tukaambiwa tuketi tu, si lazima kununua kitu.

Hapo ndipo tulipoelewa taarabu imefumwa kwa nyuzi ngapi. Ganuni, udi na nai zimetoka kwa Waarabu. Fidla, akodiani na lile zeze kubwa la kusimama nalo zimetoka kwa Wazungu. Baadhi ya sauti zilitukumbusha sinema za Kihindi, na ni kweli, kwa maana watungaji wa Unguja walizipenda sinema hizo kama walivyozipenda santuri za Umm Kulthum wa Misri. Chini ya vyote hivyo, katika ngoma, ndimo bara lilimo. Mpiga dumbak mmoja alitupigia midundo mmoja baada ya mwingine: huu ni wa ngoma ya mashamba, huu ni wa harusi. Kisha akapiga mwingine, sote sita tukacheka kwa pamoja.

"Huo ni wa kwetu!" tulimwambia.

"Huu tunauita rumba," alijibu.

Akatueleza kwamba santuri za Kuba zilifika kisiwani miaka ya 1930 na kuendelea, na watungaji wakachukua mwendo wake. Na rumba ya Kuba ilitoka wapi? Kwa watumwa waliovushwa bahari ya upande wa pili, wengi wao kutoka Kongo. Rumba yetu nayo ilizaliwa pale santuri hizohizo zilipotua Leopoldville, wazee wakatambua kitu chao. Kwa hiyo mdundo mmoja umetoka Afrika kwa minyororo, ukarudi kwa santuri, ukafika Kinshasa na Unguja. Mkubwa wetu alisikia hayo, akainamisha kichwa. Kidole kilichohesabu sanamu sasa kilikuwa kinagonga goti lake polepole.

Tulionyeshwa pia kidumbak, ambacho wenyewe hukiita mdogo wake taarabu. Kina ngoma mbili ndogo za udongo, fidla moja, vijiti vya kugonga, cherewa za kutikisa, na zeze la sanduku: kasha la chai limegeuzwa, likatiwa mti na kamba moja. Asiyekuwa na feza za kukodi kundi kubwa hukodi kidumbak, na harusi hunoga vilevile. Katika taarabu watu huketi, hunyanyuka tu kwenda kumtunza mwimbaji feza. Katika kidumbak hakuna anayekaa.

Wanawake na vyama vyao

Jambo hili tunaliandika kwa ajili ya chama chetu. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 wanawake wa Unguja walikuwa na vyama vyao vya taarabu. Kimoja kilijiita Nuru el Uyuni, kingine Royal Air Force, kama jeshi la anga la Waingereza! Walishindana kwa nyimbo na kwa mavazi, wakachangiana katika arusi na misiba kama tunavyofanya sisi. Maneno ya nyimbo yalikwenda mpaka kwenye kanga. Mwanamke aliyekosewa na jirani hakuhitaji kugombana, alivaa kanga yenye maneno yanayofaa akapita mlangoni mwake.

Pia mnalijua jina la Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana. Huyo aliyafuata mapito ya Siti katika taarabu, lakini mkono wake wa pili ulishika ngoma ya unyago, inayofundisha wasichana mambo ya unyumba. Unyago uliletwa kisiwani na watu wa bara. Ndani ya mwanamke mmoja palikuwa na nyimbo za jumbani na ngoma ya walioletwa kwa nguvu, na wala hakuona haja ya kuchagua.

Zamani wanawake waliimba, na wanaume wakapiga ala. Hilo limebadilika. Tangu mwaka 2002 kiko chuo cha muziki kisiwani ambako wasichana wengi wamejifunza udi, ganuni na fidla, na liko kundi la Tausi ambalo wapigaji wake wote ni wanawake. Vijana wengi hata hivyo wanapenda taarabu ya kisasa, ya vinanda vya umeme na maneno makali ya mafumbo. Wazee wananung'unika kwamba hiyo si taarabu, ni matusi yenye spika. Tulicheka, maana nyumbani wazee wetu wanasema hayohayo juu ya vijana wa Kinshasa.

Bibi wa Ng'ambo

Siku ya mwisho tulialikwa shughuli ya arusi, Ng'ambo, upande wa wanawake. Wenyeji walitucheka kwa upole kwa Kiswahili chetu. Sisi tunasema sombe, wao kisamvu. Sisi bukari, wao ugali. Sisi feza, wao pesa. Watoto walitupa shikamoo, nasi hatukujua haraka la kujibu mpaka tukafundishwa: marahaba.

Bibi mmoja mzee aliuliza tumetoka wapi. Tulisema Kongo. Mkubwa wetu akaongeza: "Mimi ni wa Kasongo, Maniema."

Bibi yule akamshika mkono. Akasema kwamba bibi yake mzaa baba aliitwa Mmanyema, na watu wa mtaa waliwaita hivyo wao wote walipokuwa watoto. Hajui zaidi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali muda mrefu: "Hebu niambie, Manyema ni mji, au ni mto?"

Mkubwa wetu alikaa kimya kidogo. Akajibu: "Ni kwetu, dada. Mto pia upo, mkubwa." Akaanza kumweleza Lualaba, michikichi, udongo wake mwekundu, na namna sombe inavyotwangwa na kutiwa mawese. Kidumbak kilikuwa kinapigwa nje, wasichana wanacheza, wao wawili wameketi mkekani wanashikana mikono. Walipoachana mmoja alikuwa na kikwembe cha Kongo, na mwingine kanga ya Unguja.

Kurudi

Katika treni tulibishana. Kijana wetu alisema taarabu ni ya masultani, sisi tusijipendekeze. Mwingine alisema ni ya kila mtu. Mkubwa wetu aliulizwa. Alisema masultani walileta ganuni, na hilo hatawanyima. Lakini wimbo ukawa wa kisiwa pale mtoto aliyeitwa Mtumwa alipouimba kwa lugha ya jikoni. Kuhusu Shangani alisema moyo wake haujapoa, na hakuna wimbo utakaoupoza. Tukaliacha hapo.

Kisha akasema jambo ambalo chama kimelikubali. Sauti ya Siti ipo kwa sababu mtu aliiweka kwenye sahani. Bibi wa yule bibi wa Ng'ambo naye bila shaka aliimba, na hakuna aliyeshika lolote. Nyimbo za mama zetu, za kutwanga, za arusi, za kubembeleza, zinakwenda njia hiyohiyo.

Kwa hiyo, jumamosi ya mkutano ujao, kila mwenye simu inayorekodi aje nayo, na kila mwenye mama au bibi aliye hai aje naye, tutapanga usafiri kwa wasioweza kutembea. Watoto wa sekondari watasaidia kuandika maneno kwenye daftari. Mkubwa wetu ameahidi kuanza. Anazo nyimbo tatu za Kasongo ambazo hajamwimbia mtu tangu mama yake afariki.